Leo Fender: Fundi redio aliyelifanya gitaa la umeme litengenezeke

KILA fundi anayeshika bisibisi, akafungua gitaa la umeme lililochoka na kuliwekea briji mpya, iwe Makambako, Njombe au Dar es Salaam, anafuata njia iliyochongwa na Mmarekani mmoja ambaye hakuwahi kujifunza kupiga gitaa.

Mtu huyo ni Clarence Leonidas Fender, maarufu kwa jina la Leo, aliyezaliwa Agosti 10, 1909 karibu na mji wa Anaheim, California. Akiwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho la kushoto kwa sababu ya uvimbe, na tangu hapo aliishi na jicho la bandia.

Shuleni alisomea uhasibu, na baadaye aliifanya kazi hiyo. Hata hivyo, kilichomvutia tangu utotoni kilikuwa redio. Baada ya kupoteza ajira katika miaka ya mdororo wa uchumi, mwaka 1938 alikopa dola 600 na kufungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton.

Wanamuziki walianza kumpelekea vipaza sauti na amplifaya zilizoharibika. Hapo ndipo Fender alipobaini kwamba vyombo vingi vilikuwa vimeundwa kana kwamba havitaharibika kamwe. Magitaa mengi ya wakati huo yalikuwa na shingo iliyogandishwa kwa gundi, na kipande kikivunjika au kupinda, matengenezo yake yalikuwa ya gharama kubwa.

Mwaka 1950 kampuni yake ilitoa gitaa lenye mwili wa ubao mzima usio na uwazi ndani, ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Telecaster. Shingo yake ilifungwa kwa skrubu nne tu. Briji, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa, nayo ilifungwa kwa skrubu.

Briji hiyo ilikuwa na kasoro moja. Ilikuwa na vibebeo vitatu kwa nyuzi sita, hivyo kila nyuzi mbili zilitegemea kibebeo kimoja. Kwa kuwa nyuzi hazina unene sawa, kila uzi huhitaji urefu wake ili noti za karibu na mwili wa gitaa zilingane na zile za mwanzo wa shingo. Wapigaji wenye masikio makali walilalamika.

Fender hakuwapuuza. Kwa vile hakuwa mpigaji, ilikuwa desturi yake kuwapa wanamuziki vyombo vya majaribio na kusikiliza kasoro walizoziona. Mwaka 1954 alitoa Stratocaster, gitaa lenye vibebeo sita, kila kimoja kikiweza kupandishwa, kushushwa, kusogezwa mbele au kurudishwa nyuma kwa skrubu yake.

Aidha, briji hiyo ilining'inizwa kwa springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa. Mpigaji akisukuma mkono wa chuma, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Akiuachia, springi huirudisha briji mahali pake. Gitaa hilo lilitumiwa na nyota kama Buddy Holly na Jimi Hendrix, na umbo lake limeigwa na viwanda vingi duniani.

Mwaka 1965, akiwa amedhoofishwa na maradhi ya muda mrefu na akiamini hana siku nyingi za kuishi, Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Baadaye alipona. Badala ya kustarehe na fedha zake, alirudi katika karakana, kwanza na kampuni ya Music Man, kisha G&L aliyoianzisha pamoja na rafiki yake, George Fullerton. Aliendelea kufanya kazi licha ya kuugua ugonjwa wa Parkinson, hadi alipofariki dunia Machi 21, 1991 akiwa na umri wa miaka 81.

Umuhimu wa kazi yake huonekana zaidi mahali palipo mbali na viwanda. Makambako, mji wa njiapanda ambako barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana na ile ya Mbeya, uko zaidi ya kilometa 600 kutoka Dar es Salaam. Kwa bendi au kwaya ya huko, gitaa lisilotengenezeka ni hasara kamili.

Kwa gitaa la aina ya Fender, fundi hulegeza nyuzi, hutoa springi, hufungua skrubu na kuweka briji nyingine. Sharti kuu ni kupima kwanza nafasi kati ya matundu ya skrubu, kwani briji za viwanda mbalimbali hazilingani. Tofauti ya milimita chache hulazimisha kutoboa ubao upya. Baada ya hapo kila kibebeo hurekebishwa hadi sauti zilingane.

Kazi hiyo haihitaji kiwanda, bali bisibisi, kipimo na sikio. Ndiyo maana gitaa ambalo vyuma vyake vimeliwa na jasho na unyevu huweza kurudi jukwaani, badala ya kutupwa.