Dk. Cook na kumbukumbu za Mengo

Nilipopigwa picha ya matiti Kampala, daktari aliniomba picha ya zamani ailinganishe na mpya, kwani saratani changa mara nyingi hujulikana kwa kuona kilichobadilika. Sikuwa nayo. Nikamkumbuka marehemu Dk. Albert Cook.

Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1870, alianzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Radi iliiteketeza mwaka 1902. Ikajengwa upya, na mwaka 1907 ikapata mashine ya eksirei. Habari za wagonjwa aliziandika na kuzihifadhi kwa makini.

Cook alifariki mwaka 1951. Mwaka 1964 madaktari walichapisha uchambuzi wa saratani ya miaka 60 kutokana na kumbukumbu hizo za Mengo. Nami sasa picha zangu nazitunza.