Bikila: Aliyekimbia peku Roma, njia ikafunguka kwa akina Simbu

Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpiku Amanal Petros wa Ujerumani hatua ya mwisho kabisa na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Nchi nzima ilishangilia, lakini nani siku hizi anashangaa Mwafrika akishinda marathoni? Zamani haikuwa hivyo. Kuna jamaa aliyeizoesha dunia, na Tokyo hiyohiyo alishawahi kutamba.

Ni Abebe Bikila, aliyezaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia. Alikuwa na miaka mitatu tu majeshi ya Mussolini yalipoivamia nchi yake. Wataliano waliikalia hadi 1941, na katika kipindi hicho walichukua mnara wa kale wa mawe wa Axum, wenye urefu wa mita 24 hivi, wakausimamisha Roma kama nyara ya vita.

Ukubwani Bikila alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikonolewa na kocha wa Sweden, Onni Niskanen.

Mwaka 1960 Olimpiki ikaenda Roma. Jioni ya Septemba 10, Bikila akasimama kwenye mstari akiwa peku. Wengi hadi leo wanadhani alikosa hela ya viatu. Wala! Viatu alivyovijaribu vilimsumbua, na mazoezini alishazoea kukimbia bila viatu, akaona bora avivue.

Giza likaingia, askari wakashika mienge kumulika barabara. Mbele wakabaki wawili, yeye na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Kumbe Bikila na kocha wake walishapanga pa kuchomokea: pale uliposimama mnara wa Axum, karibu na mwisho. Alipoufikia akafyatuka, Mmorocco akabaki kuutazama mgongo. Alimaliza kwa saa 2:15:16, muda bora duniani wakati huo. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi ya Afrika dhahabu ya Olimpiki, tena kwenye mji mkuu wa waliomvamia.

Tokyo 1964 ilikuwa kali zaidi. Wiki chache kabla ya mbio alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alikwenda hivyohivyo, safari hii na viatu, akashinda kwa saa 2:12:11 na kumwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Alipomaliza, akaanza kunyoosha viungo uwanjani kana kwamba mbio bado. Kabla yake hakuna aliyekuwa ametwaa marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mexico 1968 mguu uligoma, akajitoa mapema. Mwenzake Mamo Wolde akatwaa dhahabu. Ni mbio zilezile ambazo Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho, akakumbukwa kuliko wengi waliomtangulia.

Machi 1969 Bikila alipata ajali ya gari, miguu ikapooza. Alitibiwa Uingereza, na hata akiwa kwenye kiti cha magurudumu hakuacha michezo, akashika upinde na kushindana kulenga shabaha. Alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na miaka 41.

Mnara ulirudishwa Ethiopia 2005 na kusimikwa upya Axum 2008. Mwaka huohuo wa 2008 Samuel Wanjiru aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki. Stephen Kiprotich wa Uganda akafuata 2012, kisha Eliud Kipchoge akashinda mara mbili mfululizo, kama Bikila. Sasa na Simbu naye yumo. Wote hao, walipojipanga kwenye mstari, wapinzani walishajua kwamba Mwafrika ndiye wa kuchungwa. Roma 1960 hakuna aliyemchunga Bikila.