Ambrosius, Liwali Aliyefanywa Askofu

Jina la Ambrosius si geni kwa wasomaji wetu, kwa kuwa ndiye aliyembatiza Augustinus mwaka 387. Lakini jinsi alivyoupata uaskofu ni habari isiyojulikana na wengi, nayo yafaa tuisimulie.

Babaye alikuwa mtawala mkubwa wa Kirumi katika nchi ya Galia. Mwana naye akasomea sheria, hata akapewa uliwali katika Italia ya kaskazini, makao yake mjini Milano. Mwaka 374 akafa Auxentius, askofu wa mji huo, aliyefuata mafundisho ya Arius ya kwamba Mwana si sawa na Baba. Wakristo wakagawanyika, kila kundi likitaka mtu wake, na fujo ikawa karibu. Liwali akaingia kanisani kuwatuliza. Mara ikasikiwa sauti, yasemekana ni ya mtoto, ikimwita Ambrosius askofu. Na makundi yote mawili yakaipokea.

Naye hakuwa hata amebatizwa!

Paulinus, aliyekuwa karani wake na baadaye akaandika maisha yake, atuambia mambo ya ajabu. Ambrosius alitaka watu wamwone kuwa mwovu, wapate kumwacha. Akaketi barazani pa hukumu, akaamuru watu wateswe, jambo asilolizoea. Kisha akaingiza makahaba nyumbani mwake machoni pa watu wote. Lakini wao wakapiga kelele kwamba dhambi yake na iwe juu yao. Akatoroka usiku ili aende Pavia. Kulipokucha akajikuta langoni pa Milano vile vile. Yamkini habari hizi zimetiwa chumvi kidogo, lakini hatuoni sababu ya kuzikana zote. Watu walikuwa wamekwisha kumjua kuwa liwali mwema, na sura ile haikufutika kwa maigizo ya siku chache.

Basi akabatizwa, na siku ya nane akawekwa kuwa askofu. Twadhani siku ile mavazi tu ndiyo yaliyokuwa ya askofu, na mtu aliyeyavaa alikuwa liwali bado. Yeye mwenyewe alikiri kwamba ilimpasa kuanza kufundisha kabla ya kujifunza. Ila hakuridhika na kuitwa tu. Fedha na dhahabu yake akalipa kanisa na maskini. Akamtwaa mzee Simplicianus awe mwalimu wake, akasoma vitabu vya Kiyunani kila apatapo nafasi. Mlango wake haukufungwa: Augustinus asimulia jinsi walivyoingia bila kutangazwa, wakamkuta akisoma kimya, wakaketi kitambo, wakaondoka wasimsumbue.

Mwaka 390 askari wa Kaisari Theodosius wakaua watu wengi sana katika Thesalonike. Yule aliyejisingizia ukatili barazani alikuwa amekwisha kuwa mtu asiyeweza kunyamaza mbele ya ukatili wa kweli. Akamwandikia Kaisari kwa mkono wake mwenyewe, ili asome peke yake asifedheheke, akimkataza meza ya Bwana mpaka atubu. Ilikuwa hatari kubwa. Kaisari akatii, akayavua mapambo ya kifalme, akalia kanisani mbele ya watu wote.

Ambrosius alifariki tarehe 4 Aprili 397, alfajiri ya siku iliyotangulia Pasaka. Tangu jioni alilala amenyosha mikono mfano wa msalaba, akiomba. Waliokuwapo waliona midomo yake ikicheza, lakini sauti hawakuisikia.