Roland Garros Hakuwa Bingwa wa Tenisi

Niwaulizapo wanafunzi wangu Roland Garros alikuwa nani, hunijibu kwamba alikuwa bingwa wa tenisi. La hasha! Alikuwa rubani Mfaransa, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion katika Bahari yetu hii ya Hindi, mwaka wa 1888. Mwaka wa 1913 aliivuka Mediterania kwa ndege bila kutua.

Vita vilipozuka, marubani walikabiliwa na tatizo: risasi za bombomu zingeivunja rafadha, yaani mabapa yazungukayo mbele ya ndege. Garros aliyakinga mabapa hayo kwa vyuma, na mnamo Aprili 1915 akaangusha ndege tatu za Wajerumani. Tarehe 18 mwezi huo alilazimika kutua, akatekwa pamoja na ndege yake. Punde si punde, kiwanda cha Fokker kikawapa Wajerumani mtambo bora zaidi, uliofyatua risasi pale tu bapa lilipokwisha kupita. Wafaransa wengi waliangamia.

Garros alitoroka kifungoni mwaka wa 1918, akarudi vitani, akauawa tarehe 5 Oktoba, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30. Uwanja wa Paris ulipewa jina lake mwaka wa 1928.

Walimu wenzangu, tufundishapo majina, tuwafundishe pia wenye majina.