James Chuma, Mwajiri wa Msafara

Kamati ya mkutano iliniomba niandike juu ya kazi iliyonilisha tangu nilipotoka shuleni, yaani kazi ya afisa utumishi: kuajiri watu, kuwapanga, kuwafundisha, na kuwafanya waipende kazi. Nilijaribu siku mbili. Nikaona kwamba nikieleza habari za mafaili na fomu, hata waliokuwa marafiki zangu bwenini watafungua ukurasa mwingine. Basi nimeona heri niwasimulie maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo hiyo karibu miaka 150 iliyopita, bila ofisi wala faili, na ambaye msafara wake ulipita katika nchi hizi za Uhehe na Ubena. Jina lake ni James Chuma.

Najua mmemsikia darasani. Mwalimu hutaja Chuma na Susi, husema walibeba maiti ya Livingstone, kisha hufuta ubao. Nami nilimjua hivyo tu kwa miaka mingi.

Chuma alikuwa Myao, akazaliwa karibu na mwaka 1850 katika nchi za Ziwa Nyasa. Alitekwa angali mtoto akauzwa. Mwaka 1861 msafara wa watumwa aliokuwamo ulikutana na David Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie wa misheni ya UMCA, na watumwa wakafunguliwa kamba. Mwaka 1864 Livingstone alimchukua kwa meli hadi Bombay, akamweka katika shule ya misheni ya Waskochi, na huko akabatizwa jina la James. Hakukaa sana shuleni. Mwaka 1866 alikuwa amekwisha rudi Afrika, akianza na Livingstone ile safari ndefu iliyopanda kufuata mto Ruvuma.

Katika safari hiyo kuna jambo moja ambalo waalimu hawalisemi, nami nalipenda kuliko yote. Mwaka 1868, walipokuwa katika nchi ya Kazembe, Livingstone alitaka kwenda ziwa Bangweulu, na watu wake wengi wakakataa. Walikuwa wamechoka. Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa. Livingstone akaenda na wachache. Aliporudi aliwapokea tena kazini, na katika daftari lake alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa na upungufu wake. Miaka mitano baadaye ni hao hao waliobeba mwili wake. Nimeona mabwana wengi wakiwafukuza watu wazuri kwa kosa la siku moja, nami nakiri nimewahi kuwaandikia barua za namna hiyo.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wa msafara walikuwa karibu 60, na bwana aliyewaajiri hayupo tena. Hakuna wa kuwalipa, hakuna wa kuwaadhibu. Kila mtu angeweza kuchukua gora la kitambaa akaenda zake. Lakini walikaa kikao, wakakubaliana kwamba Susi na Chuma, kwa kuwa ni wakongwe wa safari, ndio wawe wakubwa wao. Kisha kazi ikagawanywa kwa ujuzi wa mtu. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyepasua mwili na kutoa moyo na matumbo, vikazikwa pale chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya Nasik huko India, aliandika orodha ya mali yote ya marehemu na kusoma sala za maziko. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani, ukafungwa.

Walitembea miezi kama tisa. Karibu na Tabora walikutana na msafara wa Cameron, ambaye alishauri mwili uzikwe palepale, wakakataa. Mbele zaidi, walipoona kwamba wenyeji hawataki maiti ipite, walifunga mzigo wa uongo kana kwamba wanairudisha nyuma, na maiti yenyewe wakaifunga upya ionekane kama mzigo wa kawaida wa nguo. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Wakalipwa mishahara yao na kuachwa waende. Mazishi ya London ya mwezi Aprili yalihudhuriwa na Wainwright peke yake. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, wakasaidia kuyaweka sawa madaftari ya safari ile.

Sasa nafika mahali pangu.

Baada ya kurudi, Chuma akawa kiongozi wa misafara, na sifa yake Unguja ikawa kubwa. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa Askofu Steere uliokwenda kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Masasi. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilituma watu wawili kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa: Keith Johnston, na kijana Joseph Thomson wa miaka 21. Chuma ndiye aliyeajiriwa kuwa mkuu wa wapagazi, na ndiye aliyewatafuta wapagazi wenyewe, karibu watu 150.

Vijana, tafakarini kazi hiyo. Mpagazi wa Unguja wakati ule alilipwa kwa kawaida kama riali 5 kwa mwezi, na sehemu ya mshahara alipewa mkononi kabla ya kuondoka. Maana yake ni kwamba mtu mwovu angeweza kula fedha ile na kutoroka kabla hamjafika mbali. Mzigo ulikuwa karibu kilo 30, begani au kichwani, mchana kutwa. Ukichagua vibaya mjini, utajua porini. Kwa hiyo mwajiri alihitaji kujua nani alisafiri na nani, nani aliacha mzigo, nani anaugua kifua, nani ana maneno mengi jioni. Chuma alikuwa amekwisha tembea na watu wengi wa namna hiyo, na faili zake zilikuwa kichwani.

Mpango wa msafara nao haukuwa wa ovyo kama tunavyodhani. Mbele alikwenda kirangozi, aliyeshika njia na mwendo. Walikuwapo wanyapara, walikuwapo askari, na wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vya watu waliokula chungu kimoja. Mgeni wa kazi aliingizwa katika kikundi chenye wakongwe, akajifunza kufunga mzigo, kuchagua mahali pa kulala, kutunza posho isiishe kabla ya wakati. Hakukuwa na chuo kingine.

Waliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879. Kabla ya mwezi Juni kwisha Johnston alifariki kwa ugonjwa huko Behobeho. Bwana mkubwa amekufa, aliyebaki ni kijana ambaye hakuwahi kuongoza msafara, na pwani haikuwa mbali. Hata hivyo msafara ulisonga mbele. Chuma alikuwa amekwisha kuyaona mambo hayo miaka sita nyuma, kwa Chitambo.

Wakapanda nyanda za Uhehe, miaka ile ile alipofariki Munyigumba, baba yake Mkwawa, wakaingia Ubena, na mwezi Septemba wakaliona Ziwa Nyasa. Ninyi mnaoujua upepo wa Julai na Agosti katika nchi hizi, mfikirie mtu wa pwani mwenye shuka moja analala nje. Kwa watawala wa njiani ni Chuma aliyetangulia kusema. Thomson alimsifu kwa ulimi wake na kwa lugha nyingi alizozijua, ingawa aliona pia kwamba alipenda kujionyesha na hakuwa bahili kwa mali isiyokuwa yake. Sawa. Mkuu wa wapagazi asiye na maringo kidogo hasikilizwi.

Katika safari hiyo Thomson alichoshwa na adhabu ya viboko, akaamua kwamba tangu sasa mkosaji atakatwa mshahara. Aliona ni jambo la huruma. Watu wote wakaweka mizigo chini na kujiandaa kurudi pwani! Kiboko kinauma leo na kesho kimepita, lakini mshahara ndio uliomtoa mtu nyumbani, ni wa mke na watoto, na ulikubaliwa mjini mbele ya mashahidi. Ilimbidi bwana aifute faini yake. Sisemi kwamba viboko vilikuwa vizuri. Nasema kwamba aliyetunga sheria hakuwauliza waliohusika.

Nilipolisoma hilo niliona haya, kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa bado kijana, nimepewa vibarua wa shamba la mpunga. Ulikuwa wakati wa kupandikiza, watu wakichelewa asubuhi, nikabandika tangazo kwamba kila atakayechelewa atakatwa nusu ya ujira wa siku. Sikumshauri hata nyapara, mzee mmoja ambaye ndiye aliyewaleta wale watu, mmoja mmoja, kutoka vijiji alivyovijua. Siku ya tatu nilifika shambani nikakuta maji, miche na ndege. Nikaenda kwake jioni, nikapiga hodi. Nilimsalimu kamwene, akaitika, akanikaribisha kiti, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama najua wanawake wale hutoka umbali gani na kwamba wengi hupika kwanza ndipo waje. Sikujua. Nilikuwa na majina yao yote kwenye karatasi na sikujua lolote. Tangazo nililichana mwenyewe mbele yao. Walirudi karibu wote, lakini miche ilikuwa imekwisha komaa kitaluni, na mavuno ya vitalu vile hayakuwa kitu. Nyapara hakurudi. Mpaka alipofariki tuliamkiana vizuri, ila kazini kwangu hakuja tena.

Turudi kwa Chuma. Kutoka Nyasa walikwenda hadi mwisho wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Hapo Thomson alichukua watu wachache kwenda mto Lukuga, na msafara wote uliobaki, watu na mali, akauacha mikononi mwa Chuma. Aliporudi aliukuta. Kati ya Julai 1880 walikuwa Bagamoyo tena, karibu wote wale 150 wakiwa hai, na njia nzima hawakupigana vita na mtu. Misafara mingi ya wakati ule haikuweza kusema hivyo. Thomson aliandika kitabu akawa mtu mashuhuri. Heshima alimpa Chuma ndani ya kitabu hicho, lazima niseme kweli.

Chuma hakuzeeka. Kifua kilimshika, akafariki Unguja mwaka 1882 mikononi mwa watu wa misheni, umri wake kama miaka 32. Susi aliishi hadi mwaka 1891.

Mapema mwaka 1883 Thomson alifika tena Unguja, safari hii akitaka watu wa kwenda naye Umasaini. Aliwapata, na safari ilifanikiwa, lakini alilalamika sana juu ya wapagazi aliookotewa mjini. Aliyemchagulia wale wa kwanza alikuwa kaburini.