Newton na Fumbo la Mvutano

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa kwa nini embe lililoiva huanguka chini, hujibu bila kusita kwamba ni kwa sababu ya mvutano wa dunia. Mwalimu humpa alama zake, na mjadala huishia hapo. Je, jibu hilo limeeleza jambo, au limelipa jina tu? Na mvutano wenyewe ni kitu halisi, kama vile jiwe na maji, au ni neno la kutusitiri? Swali hili lilimkabili Isaac Newton, mtu ambaye jina lake halitengani na mvutano.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake, mkulima, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mama yake aliolewa tena akamwacha kwa nyanya yake. Baadaye mama alitaka mwanawe ashike jembe, lakini kijana hakuwa na moyo wa shamba. Mwaka wa 1661 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Tauni ilipofunga chuo mwaka wa 1665 alirejea kijijini, na huko, kama alivyosimulia uzeeni, ndiko alikoanza kujiuliza iwapo nguvu inayoangusha tufaha yaweza kufika hadi mwezini.

Jawabu lilichukua takribani miaka ishirini. Mwaka wa 1684 mwanafalaki Edmond Halley alimtembelea na kumhimiza aandike, na mwaka wa 1687 Principia ikachapishwa kwa Kilatini, Halley akigharamia. Humo Newton alionyesha kwamba kila kitu huvuta kingine, na kwamba umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo hupungua hadi robo. Kanuni hiyo moja ilieleza mwendo wa mwezi, wa sayari na wa nyota zenye mkia, pamoja na kujaa na kupwa kwa bahari.

Sifa zilimiminika, lakini wapinzani hawakukosekana. Huygens wa Uholanzi na Leibniz wa Ujerumani walihoji: jua lawezaje kuivuta dunia ilhali haliigusi? Newton mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Richard Bentley mwaka wa 1693, alikiri kwamba ni upuuzi kudhani kitu kisicho na uhai chaweza kuvuta kingine kupitia utupu mtupu. Katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka wa 1713, alitangaza hadharani kwamba sababu ya mvutano hakuwa ameigundua, wala hangebuni dhana isiyo na ushahidi. Wakati huo alikuwa rais wa Royal Society na mkuu wa karakana ya sarafu ya serikali, lakini cheo hakikumzuia kusema hajui.

Lugha yetu ina la kuchangia hapa. Mvutano watokana na vutana, kitenzi cha kauli ya kutendana: dunia huvuta embe, na embe nalo huivuta dunia. Alichothibitisha Newton ni uhusiano huo. Nomino ndiyo hutuhadaa, tukadhani kila chenye jina kimekwisha kueleweka.

Newton alifariki mwaka wa 1727, akazikwa Westminster Abbey, fumbo likiwa halijafumbuliwa. Mwaka wa 1915 Einstein alieleza mvutano kuwa ni kupindika kwa nafasi na wakati, na mwaka wa 2015 mitambo nchini Marekani ilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi yake. Kinachosafirisha nishati kutoka pembe moja ya ulimwengu hadi nyingine hakiwezi kuitwa neno tupu. Kwa maoni yangu, mvutano ni halisi ingawa haushikiki mkononi. Hata hivyo, wanafizikia bado hawajaipatanisha nadharia ya Einstein na kanuni zinazotawala chembe ndogo kabisa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuuliza mvutano ni nini hasa, usimnyamazishe kwa madai kwamba swali hilo halimo katika silabasi. Mfundishe kanuni, kisha umwonyeshe inapokomea. Newton aliwatendea wasomaji wake vivyo hivyo.