Émile Coué: Muuza dawa aliyewafundisha watu kupambana na mawazo mabaya

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda, Lumino

Mfanyabiashara wa Lumino anayebeba dagaa wa Majanji hadi Busia anajua kwamba hasara huingia mara mbili. Kwanza huingia mfukoni: mzigo umelowa mvua, mteja wa ng'ambo ya mpaka hakulipa, au shilingi imeshuka kabla ya kubadilisha fedha. Kisha huingia kichwani, pale mtu anapoanza kujiambia kila asubuhi kwamba hana bahati na kwamba hata safari ya leo itaharibika. Hasara ya mfukoni huweza kufidiwa na msimu mzuri. Ile ya kichwani ikiachwa, humfanya mtu aogope hata mzigo ambao ungemlipa.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwenye duka mmoja wa Ufaransa aliishughulikia hasara hiyo ya pili kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Jina lake ni Émile Coué. Hakuwa daktari, lakini katika miaka ya 1920 alijulikana kutoka Ulaya hadi Marekani.

Coué alizaliwa Februari 26, 1857 katika mji wa Troyes. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli na nyumbani fedha hazikuwa nyingi. Kijana alipenda kemia, lakini alihitaji kazi ya kumlisha, hivyo akasomea ufamasia. Mwaka 1882 alianza kuendesha duka la dawa mjini Troyes. Wakati huo mpaka unaowagawa Wasamia wa Uganda na wenzao wa Kenya ulikuwa bado haujachorwa.

Akiwa nyuma ya kaunta, aliona jambo ambalo kila mchuuzi analijua kwa njia yake. Maneno ya muuzaji huenda na bidhaa hadi nyumbani kwa mnunuzi. Mgonjwa aliyekabidhiwa chupa ya dawa pamoja na maneno ya kuisifu alirudi na habari njema kuliko aliyepewa chupa ileile kimyakimya. Dawa ilikuwa moja, bei moja. Kilichotofautiana ni matarajio ya mgonjwa.

Jambo hilo lilimpeleka Nancy, kwa watu wa mkewe Lucie. Huko, mwaka 1885, alikutana na daktari Ambroise-Auguste Liébeault, aliyekuwa akitibu kwa hipnosisi, yaani kumwingiza mgonjwa katika utulivu mzito ambamo mawazo yake hukaa mahali pamoja na maneno ya mganga humwingia kwa urahisi. Jina hipnosisi lilikuwa limeenezwa na daktari wa upasuaji wa Uskoti, James Braid, katika miaka ya 1840. Liébeault alikuwa daktari wa kijijini, na masikini waliokubali tiba hiyo hakuwatoza kitu. Profesa Hippolyte Bernheim wa Nancy aliiona kazi hiyo na kuipa heshima mbele ya madaktari wenzake.

Coué alijifunza, akajaribu, lakini hakuridhika. Si kila mtu aliweza kuingia katika hali ile. Zaidi ya hapo, aligundua kwamba maneno ya mganga hayafanyi kazi mpaka mgonjwa mwenyewe ayakubali na kujirudia moyoni. Kama ndivyo, alijiuliza, kwa nini mgonjwa asifundishwe kujiambia mwenyewe, bila kulazwa usingizi na bila kumtegemea mtu?

Mwaka 1910 aliachana na biashara ya duka na kuhamia Nancy. Nyumbani kwake alipokea watu kwa makundi, bila malipo, na aliendelea hata katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, ingawa Nancy ilikuwa karibu na uwanja wa mapigano. Wote waliketi pamoja, na aliyefika kwa mara ya kwanza alimsikia wa wiki iliyopita akieleza alivyopata nafuu.

Zoezi lake lilikuwa jepesi. Asubuhi kabla ya kuinuka na usiku kabla ya kulala, mtu alirudia mara 20 sentensi fupi ya kujiambia kwamba hali yake inazidi kuwa njema siku hadi siku. Alihesabu kwa kamba yenye mafundo 20, kama mtu anayevuta tasbihi. Coué alitaka maneno yasemwe kwa sauti ya chini, bila kukaza moyo. Alifundisha kwamba nia na picha iliyo kichwani vikigombana, picha hushinda. Mfano wake ulikuwa ubao: ukiwekwa chini, kila mtu anapita juu yake, lakini ukiwekwa juu sana kati ya minara miwili, miguu hutetemeka, kwa kuwa kichwa kimeshaona kuanguka.

Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza, na mwaka 1923 alizuru Marekani. Magazeti yalimfuata kila hatua. Wengine walimfanya mtenda miujiza, wengine wakamcheka. Yeye alikana yote mawili. Alisema kwamba hajawahi kumponya mtu, ila huwaonyesha watu uwezo walio nao, na hakuwataka wagonjwa waache madaktari wala dawa zao. Alifariki dunia Nancy, Julai 2, 1926, akiwa na umri wa miaka 69.

Je, alikuwa sahihi? Kwa sehemu. Sayansi ya leo inakubali kwamba wazo linalorudiwa huimarisha njia yake katika ubongo, kama njia ya miguu isiyoota nyasi kwa kupitwa kila siku, na kwamba njia nyingine inaweza kufunguliwa kwa mazoezi. Hipnosisi nayo, ikifanywa na mtaalamu aliyesomea, imeonekana kuwasaidia baadhi ya watu wenye maumivu na wasiwasi. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Canada walichapisha matokeo yanayoonya: watu wanaojidharau sana walipojirudia maneno ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi. Moyo uliojeruhiwa huyakataa maneno usiyoyaamini. Kwa mtu wa namna hiyo, kamba ya mafundo peke yake haitoshi.

Tiba yenye ushahidi mzito imepatikana hapahapa Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa. Walizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wakapanga la kufanya. Mwishoni waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, kutoka asilimia 86. Katika vijiji ambavyo havikupata mikutano hiyo, asilimia 54.7 walibaki nayo.

Sebule ya Coué na makundi yale ya Masaka zinafanana kwa jambo moja: mtu hakuachwa peke yake na mawazo yake. Lumino na Busia vipo vikundi vya kuweka akiba vinavyokutana kila wiki kuhesabu fedha. Dakika chache za kuulizana nani ameharibikiwa na anaendeleaje hazihitaji mtaji. Na mwenzenu akikosa usingizi kwa wiki mbili, akiacha kula au akianza kutaja kifo, msimwachie maneno matupu ya kumtia moyo. Mpelekeni kituo cha afya, na mmoja wenu aketi naye hadi aonwe.